Kokoo na Sahani za Wajawazito

Mara ya kwanza nilipomwona Kokoo akimnyang'anya mjamzito chakula, nilidhani uzee umeanza kumchanganya. Mteja wangu mmoja mwenye mimba kubwa, mama wa kutoka Murang'a, alikuwa ameketi chini ya draya katika saluni yangu hapa Noonkopir, Kitengela, akila chapati na madondo. Yule mzee akaingia, akalitazama tumbo lile kwa muda, kisha akanyoosha mkono na kuiondoa chapati moja kwenye sahani. Akanipa mimi.

"Kula wewe," akasema. "Huyu ameshiba."

"Nani amekuambia nimeshiba?" mteja akafoka. "Shosho, rudisha chapati yangu!"

"Nikirudisha, huyo mtoto atakuwa na kichwa kubwa. Utalia mbele ya watu."

Niliila ile chapati kwa sababu alinikazia macho mpaka nikameza. Mteja hakukanyaga tena kwangu, na sikumlaumu hata kidogo.

Tulimwita Kokoo, ambalo ni neno la Kimaa la nyanya, na hakuna aliyehangaika kulijua jina lake jingine. Alikuja kwangu kunyolewa. Wanawake wa Kimaasai wa rika lake hunyoa kichwa kikawa laini kabisa, na yeye alikuwa akinyolewa na bintiye. Bintiye alipofariki akajaribu majirani, wakamkatakata, ndipo akaingia saluni. Mashine aliikataa. Alisema inanguruma, na kichwani mwake hataki makelele. Kwa hiyo nilimpaka povu la sabuni nikamnyoa kwa wembe, polepole, na katika upolepole huo ndimo tulimozoeana.

Kwao mtoto akimsalimu mkubwa huinamisha kichwa ili aguswe kwa kiganja. Kokoo akipita mtaani, watoto wote walimpangia vichwa, wawe Wamaasai, Wakikuyu au Wakamba, naye aliwagusa mmoja mmoja bila haraka hata kama mvua inanyesha. Kwangu mambo yaligeuka. "Takwenya, Kokoo," nilimsalimu kama nilivyofundishwa, naye akajibu "Iko," akaketi, akainama, nikamshika kichwa. "Haya, Mama Shiro," alinitania. "Leo wewe ndio nyanya."

Nikiri tu kwamba mimi ni mtu wa kutaka kujua. Saluni ni kazi ya mikono na masikio, na huyu mzee alikuwa na swali ndani yake ambalo lilinikosesha raha kwa miaka. Alikuwa mkunga aliyeaminiwa. Kabla kliniki hazijajaa mjini, wanawake wa kuanzia Isinya hadi ndani huko kupita Kajiado walimtumia watu waje wamchukue uchungu ukianza. Kwao msichana alihesabiwa kuwa entito, yaani mtoto wa kike tu, mpaka akeketwe. Ndipo aitwe mwanamke, aolewe kwa heshima, azae bila kunong'onwa. Na Kokoo alikuwa akimlea mjukuu, Naserian, msichana mwembamba mwenye meno ya kucheka, aliyefiwa na mama yake, yule bintiye Kokoo, siku aliyozaliwa. Nilitaka kujua siku ikifika Kokoo atamfanya nini mtoto huyu. Sikuthubutu kuuliza, nikawa navizia majibu.

Na majibu yake yalipingana. Alikuwa mkarimu kupita kiasi. Nyumbani kwake hukuweza kutoka bila kunywa maziwa, na ukisema umeshiba alikasirika kana kwamba umemtukana. Aliwalisha mafundi wa mjengo jirani, akamlisha kichaa wa stejini, akamlisha hadi mbwa wangu aliyekuwa ameshiba tayari. Lakini mwanamke akipata mimba, mkono ule ule ulifunga. Hasa miezi ya mwisho. Hakuna nyama, hakuna mafuta, maziwa ni kidogo yaliyochanganywa na maji. Akiona mjamzito anatafuna kitu barabarani alimpigia mluzi kama anayefukuza mbuzi shambani. "Mimba haitaki karamu," alisema. "Karamu ni ya siku mtoto amelia." Na kweli mama akishajifungua, Kokoo alimchinjia, akamnywesha mchuzi wa mafuta mpaka mama mwenyewe aombe msamaha.

Nilidhani ni ushirikina. Wateja wangu wa Kimaasai ndio walionieleza kwamba si yeye peke yake, ni desturi ya kwao ya tangu zamani. Wanawake hujinyima ili mtoto awe mdogo, apite. Sikuuliza apite wapi. Nilikuwa mama wa watoto, nilijua wanapita wapi. Nilichoshangaa ni kwa nini wanawake wa Kimaasai waogope ukubwa wa mtoto kuliko sisi wengine.

Kuhusu kisu, usemi wake ulitegemea nani anasikiliza. Siku moja walikuja watu wa mradi fulani, wamevaa fulana za rangi moja, wakatukusanya akina mama nyuma ya soko kutuhubiria ubaya wa ukeketaji. Kijana mmoja akatandika picha ubaoni. Kokoo akasimama, akajifunga shuka yake vizuri. "Kijana, mama yako yuko hai?" Akajibu yuko hai. "Mpigie simu umwonyeshe hiyo picha kwanza. Ukimaliza kumwonyesha, rudi utuonyeshe." Watu wakacheka, mkutano ukaharibika. Nikajua basi, huyu ni wa upande wa kisu, na Naserian maskini atapelekwa.

Lakini wiki hiyo hiyo, mkwe wa jirani alipotaka kumtoa binti yake shuleni akamfiche kwa jamaa huko ndani akakeketwe, Kokoo alienda kuketi mlangoni pake tangu asubuhi, hazungumzi, hatoki, amekunja miguu, mpaka watu wakaanza kujaa kuuliza kuna nini. Yule baba akaona aibu, akamrudisha mtoto darasani. Nilipomuuliza kisa na maana, akasema miguu ilikuwa imemchoka, akaona mahali pa kukaa.

Ndipo nikajaribu kumchokonoa. Nilikuwa nikimnyoa, nimefika nyuma ya sikio, mahali ambapo mtu hawezi kutikisa kichwa. Nikamuuliza kwa nini Wamaasai hawaachi hiyo kitu, na serikali imekataza, na chifu anaimba kila baraza.

"Kwenu mliacha lini?" akauliza.

 Nyanya yangu mzaa mama, huko kwetu, alikuwa amekeketwa. Hilo nalijua kwa vile tulivyojua mambo utotoni, kwa kusikia wakubwa wakinyamaza. Lakini nani aliacha kwanza, mama yangu aliponea vipi, nani alisema basi, sikujua.

"Sijui, Kokoo. Hakuna mtu alituambia."

"Ona sasa. Mliacha bila kuambiana. Sisi tukiacha mnataka tupige kelele."

Hayo yalinikaa moyoni. Nilimpigia mama simu jioni nikamuuliza, na mama akaniuliza kama nina homa.

Kifo cha bintiye alinisimulia mara moja tu. Ilikuwa siku ya mvua, hakukuwa na mteja mwingine, na Naserian alikuwa amelala kwenye kochi langu na sare za shule. Kokoo alimtazama kwanza, kisha akaanza kusema bila kuulizwa.

"Mama yake nilimfungia chakula mimi mwenyewe," akasema. "Alikuwa ananililia, Yeyo, mama, niko na njaa. Nikamwambia vumilia. Nilijua pale penye kovu ni pagumu. Ngozi ya kovu haifunguki kama ngozi. Mtoto akiwa mkubwa, anakwama, wanakufa wawili. Mimi nimeona hiyo mara mingi. Kwa hivyo nikasema mtoto awe mdogo."

"Akawa mdogo?"

"Alikuwa mdogo kama paka. Si huyo hapo? Alipita. Lakini bado pale palipasuka, na mama yake hakuwa na damu ya kupoteza, kwa sababu damu ni chakula na mimi nilikuwa nimemnyima. Alikuwa mkavu. Akaisha hapo mkononi yangu, tukingoja gari ya kutupeleka Kajiado."

Niliuweka wembe chini. Nililia, sioni haya kusema. Yeye hakulia. Alinionyesha kwa kidole kwamba nimeacha povu karibu na shingo.

Nilipoyajua hayo ndipo nikaelewa anachotafuta kwenye sahani za wajawazito. Huyu hakuwa mchoyo, alikuwa na hofu. Wanawake waliokuwa na kovu aliwanyima chakula kwa sababu ya kovu, na sisi wengine akatunyima kwa mazoea, maana mkono ukishazoea kazi haukumbuki tena ulianzia wapi.

Siku chache baadaye nesi mmoja wa kliniki ya hapa mtaani, mteja wangu wa kusuka, alimkuta akimzomea msichana mwenye mimba kwa ajili ya ndizi. Nesi alikuwa mkali na Kokoo alikuwa mkali, nikajua saluni leo ni vita.

"Wewe ndiye unaniletea wamama hawana damu!" nesi akasema. "Wanafika wameparara, wakitokwa na damu kidogo tu tunakimbizana nao. Mtoto si shida. Kovu ndilo shida, na kovu utalijua tu ukija hospitali mapema."

"Mtoto mkubwa hapiti kwa kovu," Kokoo akasema.

"Wengine tunawasaidia kupita, wengine wanahitaji upasuaji. Lakini wale, waje na nguvu."

Nilitegemea matusi. Badala yake Kokoo akamsogelea nesi. Kisha akauliza, sauti ya chini, kama mtu anayeulizia njia ambayo tayari anaifahamu:

"Na kama hakuna kovu?"

"Kama hakuna kovu, ale ashibe," nesi akasema. "Ya nini kumnyima?"

Tangu siku hiyo aliwaambia wanawake wake waongeze chakula kidogo na waende kliniki upesi. Ulikuwa ushindi nusu, nesi aliuchukua. Mimi sikuliwazia tena lile swali la mwisho. Nilidhani ni ubishi wa mzee asiyetaka kushindwa.

Naserian alipofika darasa la saba, shangazi zake wakaanza kuja. Walitoka Kajiado kwa basi na vibuyu vyao, wakaketi uani kwa Kokoo, wakazungumza kwa sauti za chini. Ilijulikana wanataka nini. Mtoto amevunja ungo, ameanza kutazamwa, na ukoo hautaki aibu.  Nilifikiria kwenda kwa chifu, nikafikiria nesi, nikaenda mpaka mlangoni kwa Kokoo nikageuka.

Kisha Naserian hakuonekana shuleni. Akachinjwa mbuzi. Wakaja wanawake wa ukoo na majirani zao wa Kajiado, wakaimba mchana kutwa nyuma ya mabati, sauti zikifika mpaka saluni. Nilisikia Kokoo mwenyewe amemshughulikia, alfajiri, peke yake, kwa kuwa polisi walikuwa wakali na mashahidi wengi ni hatari. Hakuna aliyetilia shaka. Mkunga wa heshima kama yule nani angemuuliza amefanya nini?

Nilimchukia. Alipokuja kunyolewa nilimnyoa haraka haraka, na mwishoni akaniambia, "Huyo mtoto amekosa masomo. Wewe unajua hesabu. Nenda umfundishe."

Nikaenda nikiwa na hasira. Nilimkuta amefungiwa chumba cha nyuma, amenyolewa kichwa, amevaa shuka nyeusi ya waliotoka kwenye kisu, amepakwa mafuta. Nilipofungua mlango alikuwa anaruka kamba. Aliruka miguu yote miwili, akabadili mmoja mmoja, akavuka kamba mikono ikiwa imepishana, anahesabu kwa kunong'ona ili asisikike nje. Mtoto aliyekatwa juzi hawezi hata kuketi vizuri. Nilisimama pale na kitabu cha hesabu mkononi nikimtazama anavyoruka, na nadhani nilicheka na kulia kwa pamoja.

Kokoo alikuwa nyuma yangu, anaponda mboga.

"Serikali ilitufundisha kufanya hii kitu kwa siri," akasema. "Basi na mimi nimefanya siri yangu."

Hakuniomba ninyamaze. Alijua ninavyopenda umbea na bado hakuomba, na mimi ambaye sijawahi kuweka neno siku nzima, hilo nililiweka. Ukoo uliridhika. Naserian alirudi shule na kitambaa kichwani, akaenda sekondari, akasomea ualimu, akaolewa kwa sherehe kubwa na kijana mfanyabiashara wa mifugo wa huko Kajiado. Shangazi zake waliimba kwenye arusi kwamba wamempeleka mwanamke kamili. Kokoo aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Nilikuwa bado na udadisi. Uongo ule ungeshikilia mpaka lini? Mume alikuwa kijana wa kisasa, na mume huweza kunyamaza. Lakini kwao mama mkwe huwepo chumbani mtoto anapozaliwa. Akigundua ameletewa entito, angeweza kumrudisha Naserian nyumbani na tumbo lake, na hakuna mzee wa ukoo ambaye angemkataza.

Mwaka jana miguu ya Kokoo iligoma, nikawa namfuata kwake kumnyoa. Jumapili moja mchana nilimkuta na wageni. Naserian alikuwa ameketi kwenye kochi, mimba yake ya kwanza imekaribia kukomaa, na kando yake mama mkwe wake, mwanamke mrefu mwenye shanga nyingi na uso wa watu wasiopenda mzaha. Kwenye moto kulikuwa na nyama na wali. Nilimpaka Kokoo povu huku wakiongea. Niliponyoa upande mmoja, mama mkwe akafika alikokuwa anaelekea.

"Huyu mtoto wako hasikii," akasema. "Nimemwambia apunguze chakula, anakula tu kama mtu hana mimba. Nataka nimchukue, akazalie kwangu, mimi mwenyewe nikiwa hapo. Lakini kwanza wewe mwambie. Wewe ndio ulitufundisha sisi wote kujinyima."

Naserian aliinamisha kichwa. Nikasimamisha wembe.

"Mama Shiro, mpakulie," Kokoo akasema.

Nikapakua wali na nyama kidogo, kwa woga. Kokoo akaomba aishike ile sahani. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri, akaipima kwa mikono. Kisha nikaona vidole vyake vinaenda kwenye kipande kikubwa cha nyama, vinakishika kukiondoa, kama vilivyofanya maisha yake yote. Vikakaa hapo. Mama mkwe akatikisa kichwa kuafiki. Kokoo akakiachilia kile kipande, akanirudishia sahani.

"Ongeza," akasema. "Jaza."

Nikajaza. Akampa Naserian kwa mikono yake. "Kula, mtoto wangu. Kula ushibe."

Hakuna mwanamke wa Kimaasai ambaye angehitaji maelezo. Mama mkwe aliitazama sahani, akamtazama Naserian, akamtazama yule mzee mwenye povu nusu kichwa.

"Kwa nini yeye ale?"

"Kwa sababu njia yake iko wazi."

"Ulituita hapa," mama mkwe akasema polepole. "Ulichinja. Tuliimba."

"Mliimba vizuri."

"Kwa hivyo kijana yangu ameoa entito."

"Ameoa mwanamke, si unaona tumbo? Mama yake alikatwa vile inatakiwa. Akanyimwa chakula vile inatakiwa. Kila kitu ilifanywa sawasawa." Sauti ya Kokoo ikakatika, na mara ya kwanza tangu nimjue nikaona machozi yanashuka yakichanganyika na povu. "Niambie yuko wapi. Kama unajua mahali alipo, mchukue na huyu umpeleke huko."

Mama mkwe akainuka. Akaenda mlangoni, akasimama akiangalia nje, shanga zake zikigongana kwa jinsi alivyokuwa akihema. Naserian hakuwa ametia chochote mdomoni. Nilimwona mkono wake mmoja umeshika sahani na mwingine umeshika tumbo, nikawaza, sasa hivi mama mkwe atamwambia abaki hapa hapa.

"Mimi watoto wangu wote niliwabeba na njaa," mama mkwe akasema, bado ametugeuzia mgongo. "Wote. Nilikuwa naota nyama. Naamka nalia kwa sababu ilikuwa ndoto. Na bado nilipasuka kila mara. Kila mara." Akageuka. "Hakuna mtu aliwahi kuniambia kula."

Akarudi akaketi. Kokoo akanigusa mkono, nikaelewa, nikapakua sahani nyingine, nikaijaza kama ile ya kwanza. Mama mkwe aliipokea akaiweka mapajani, akachukua kipande cha nyama, akala. Ndipo Naserian naye akaanza kula. Walikula mabega yao yanagusana.

"Nikifika nyumbani," mama mkwe akauliza baadaye, "wakiniuliza, nitawaambia nini?"

"Waambie alikula akashiba," Kokoo akasema, akainamisha kichwa nimalizie upande uliobaki.